Merikebu Iliyotumikia Mabwana Wawili

Katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza wasikilizaji wetu, pamoja na ninyi mtakaoyasoma katika kijitabu hiki, habari za merikebu moja ya chuma. Merikebu hiyo katika maisha yake iliitwa kwa majina matatu, ikatumikia pande mbili za vita moja, na mwishowe ikampakia mtu yule ambaye mabwana zake wa kwanza walimchukia kuliko watu wote. Vita hivyo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka wa 1861 hata mwaka wa 1865. Wengi wetu tumesikia jina la Abraham Lincoln, na twajua ya kuwa katika siku zake watumwa wa nchi ile walipata uhuru. Lakini kazi iliyofanywa baharini haisimuliwi sana, wala majina ya merikebu hayakaririwi shuleni kama yanavyokaririwa majina ya majemadari.

Marekani wakati ule ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, wote watu weusi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Karibu wote walikuwa katika majimbo ya Kusini, wakilima pamba, mpunga, tumbaku na miwa. Lincoln alipochaguliwa kuwa Rais mwishoni mwa mwaka wa 1860, wenye mashamba waliogopa kwamba utumwa utazuiliwa usienee, kisha utakwisha kabisa. Majimbo 7 yakajitenga, yakafanya serikali yao wenyewe, na tarehe 12 Aprili 1861 mizinga yao ikaanza kuipiga ngome ya Sumter, iliyo katika bandari ya Charleston. Siku 7 baadaye Lincoln akatangaza ya kuwa bandari za Kusini zimefungwa: chombo cho chote kitakachoonekana kikiingia au kutoka, kitakamatwa.

Kufunga bandari kwa maneno ni rahisi. Pwani ya Kusini ilikuwa na urefu wa maili 3,500 hivi, nayo imejaa mito, visiwa, mafungu ya mchanga na vijito vya maji ya chumvi. Serikali ya Kaskazini ilikuwa na merikebu 90 hivi, na zaidi ya nusu yake hazikuwa tayari kwa kazi. Kwa hiyo watu wengi walicheka. Lakini Kaskazini ilikuwa na viwanda na mafundi, ikanunua kila chombo kilichoweza kuchukua mzinga, ikaunda vingine vipya, hata vita vilipokwisha ilikuwa imepata zaidi ya 600. Mabaharia nao walitafutwa kila mahali. Karibu 18,000 kati yao walikuwa watu weusi, na wengi wa hao walikuwa watumwa waliotoroka usiku kwa mitumbwi, wakapiga makasia mpaka penye manowari za Kaskazini. Watu hawa walijua vijito na mafungu ya pwani ile kuliko ramani yo yote.

Kwa nini kufunga bandari kulikuwa na nguvu kama panga? Kwa sababu Kusini ilikuwa na pamba nyingi na viwanda vichache. Haikuweza kujitengenezea bunduki za kutosha, wala viatu vya askari, wala dawa, wala shura ya kufanyia baruti. Vitu hivi vyote vilinunuliwa Ulaya, na fedha ya kuvinunulia ilikuwa pamba. Basi pamba ilipaswa kutoka na bunduki zilipaswa kuingia. Mlango ukifungwa, shamba la pamba ni kama ghala lisilo na ufunguo.

Hata watu wa pwani yetu walionja matokeo ya vita vile, ingawa wachache walijua sababu yake. Tangu mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani, mwaka wa 1833, wafanyabiashara wa mji wa Salem walikuwa wakileta Unguja kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho watu walikiita marekani kwa jina la nchi kilikotoka, nacho kilichukuliwa na misafara hata Unyamwezi na Ujiji, kikatumika kama fedha. Vita vilipoanza, pamba ikawa haba kwa wenye viwanda, bei ikapanda, marekani ya kweli ikapungua sokoni, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake. Tena tusisahau ya kuwa siku zile soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi bado, wala halikufungwa mpaka mwaka wa 1873. Mambo tunayoyasimulia ya nchi ya mbali hayakuwa mageni kwa babu zetu.

Sasa turudi katika bahari ya Atlantiki. Bandari zilipofungwa, ikazuka kazi mpya, kazi ya kupenya. Mizigo kutoka Ulaya ililetwa kwa meli kubwa mpaka visiwa vya Waingereza, Bermuda na Bahama, au mpaka Havana katika kisiwa cha Cuba kilichokuwa cha Wahispania. Hapo ilipakuliwa ikatiwa katika merikebu nyembamba zenye mbio, ziendazo kwa nguvu ya moshi. Nyingi zilikuwa na magurudumu makubwa mawili ya kupiga maji, moja kila ubavu. Zilipakwa rangi ya kijivu ili zifanane na ukungu wa alfajiri. Zilichoma makaa magumu yasiyotoa moshi mwingi. Nahodha alichagua usiku usio na mwezi, akangoja maji yajae, akazima taa zote, hata tundu za tanuri zikafunikwa, na taa ya dira ikavikwa nguo ili mshika usukani peke yake aione. Mtu aliyewasha kiberiti kwa ajili ya tumbako alihesabiwa kama adui. Husimuliwa ya kuwa kuku wa kuliwa safarini walikubaliwa, lakini majogoo hapana, maana jogoo hajui siri.

Faida yake ilikuwa kubwa mno. Nahodha hodari aliweza kupata paundi 1,000 kwa safari moja ya kwenda na kurudi, na mwenye merikebu akifaulu safari mbili tatu, alikuwa amekwisha kurudisha gharama ya chombo chake chote. Kwa hiyo si kila mpenyezi alikuwa na moyo wa kuipenda Kusini. Wengi walikuwa Waingereza wenye kutafuta mali, na mara nyingine shehena yao ilikuwa hariri na vileo kwa ajili ya matajiri, huku askari wa Kusini wakitembea bila viatu katika theluji. Kwa maoni yetu jambo hili liliidhuru Kusini karibu sawa na mizinga ya adui.

Mwaka wa 1863 bandari iliyopendwa kuliko zote na wapenyezi ilikuwa Wilmington, katika jimbo la North Carolina. Mji wenyewe hauko baharini. Uko ndani, juu ya mto uitwao Cape Fear, na mto huo ulikuwa na milango miwili, mmoja ukiitwa Mlango wa Kale na wa pili Mlango Mpya. Kati ya milango hiyo pana kisiwa, na mbele ya kisiwa fungu refu la mchanga lililojinyosha baharini maili nyingi. Ndege angeruka maili 6 tu kutoka mlango hata mlango. Manowari ilipaswa kulizunguka fungu lile, mwendo wa maili 40 hivi. Basi Kaskazini ililazimika kuweka vikosi viwili vya kulinda mji mmoja. Tena Mlango Mpya ulilindwa na ngome kubwa ya udongo na mchanga, Fort Fisher, ambayo mizinga yake ilimfukuza kila mlinzi aliyekaribia mno. Mpenyezi akiisha kufika chini ya mizinga hiyo, amepona.

Hapo ndipo merikebu yetu inapoingia. Iliundwa mwaka wa 1860 katika mji uitwao Wilmington pia, lakini huu ni Wilmington mwingine, wa jimbo la Delaware huko Kaskazini. Ilikuwa ya chuma, yenye magurudumu ya ubavuni na urefu wa futi 239, ikaitwa William G. Hewes. Mwenyewe alikuwa Charles Morgan, tajiri wa meli zilizofanya safari zake New Orleans. Haikuundwa kwa vita kabisa. Iliundwa ichukue abiria na mizigo kwa amani. Vita vilipoanza mwaka wa 1861, gavana wa jimbo la Louisiana akaishika kwa nguvu hapo New Orleans, na hivyo kazi ya mafundi wa Kaskazini ikawa mali ya Kusini. Mji ule ulipotekwa na Kaskazini mwezi wa Aprili 1862, merikebu haikuwamo tena. Ilikwisha kutoka na pamba kwenda Havana. Baadaye ikaingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Charleston, ikapewa jina la pili, Ella and Annie, ikawa ikienda na kurudi kati ya Bermuda na bandari za Kusini.

Tarehe 5 Novemba 1863 Ella and Annie iling'oa nanga Bermuda. Nahodha wake alikuwa Frank Bonneau. Ndani yake mlikuwa na bunduki zilizotengenezwa Austria, na shura, na chumvi, na karatasi. Safari ilikuwa mbaya, na merikebu ikafika karibu na pwani saa zisizofaa, kwa maana usiku ulikuwa umekwisha kuanza kupauka. Alfajiri ya tarehe 9 ikajikuta imekatwa njia karibu na Mlango Mpya. Mbele yake ilisimama manowari ya Kaskazini, Niphon, chombo kidogo kuliko yenyewe, chini ya Joseph Breck.

Bonneau alikuwa na njia tatu tu. Angeweza kusimama na kujitoa. Angeweza kuipandisha merikebu pwani na kuichoma, kama walivyofanya wengi. Yeye akachagua ya tatu: akaamuru moto uzidishwe na omo ielekezwe moja kwa moja ubavuni mwa Niphon, ili aivunje na kuizamisha. Breck akauona upesi mpango ule, akaugeuza usukani. Vyombo viwili vikakutana kwa kusugua badala ya kugonga sawasawa, na wakati ule ule mizinga ya Niphon ikafyatuliwa kwa karibu sana, na mabaharia wake wakaruka ndani ya Ella and Annie na silaha mikononi. Mapigano yalikwisha kwa dakika chache. Siku ile ile, katika maji yale yale, manowari nyingine ya Kaskazini iitwayo James Adger ilikamata mpenyezi mwingine mashuhuri, Robert E. Lee. Kwa Kusini ilikuwa siku nzito.

Je, chombo kilichokamatwa kilikuwa mali ya nani? Si ya nahodha aliyekikamata, wala si ya mabaharia kugawana kama haramia. Kilipelekwa mpaka bandari ya Kaskazini mbele ya mahakama maalum ya nyara. Hakimu akasikiliza ushahidi, akasoma hati za shehena, na akiona ya kuwa kweli kilikuwa kikipenya, akaamuru kiuzwe. Nusu ya fedha kwa kawaida ilikwenda katika hazina ya kuwatunza mabaharia walioumia na wazee, na nusu iligawiwa waliokikamata, kila mtu kwa cheo chake. Baharia wa chini aliweza kupata kwa asubuhi moja mshahara wa miezi mingi. Hili, pamoja na kuipenda nchi yao, liliwafanya walinzi wakeshe.

Mnunuzi mmoja alionekana mara kwa mara mahakamani, naye ni serikali yenyewe. Maana wapenyezi walikuwa vyombo vyenye mbio kuliko vyote, na ni nani afaaye kumfukuza mpenyezi kuliko mpenyezi? Tena walinzi waliokaa baharini miezi na miezi walihitaji kulishwa. Makaa yaliwaishia, nyama yao ilikuwa ya chumvi, barua za nyumbani hazikufika. Merikebu iliyoitwa Bermuda, iliyokamatwa tarehe 27 Aprili 1862, haikupata sifa ya vita vikubwa, walakini ilifanya kazi yenye kustahili heshima: ilikwenda na kurudi kati ya Philadelphia na Ghuba ya Meksiko, ikiwachukulia walinzi chakula, barua na mabaharia wapya. Na yule Robert E. Lee tuliyemtaja akapewa jina la Fort Donelson, akawekwa kuwawinda wenzake wa zamani.

Ella and Annie ilipelekwa Boston, na hata kabla mambo yake hayajamalizika ikapata kazi ya ghafula. Mwezi wa Desemba 1863 watu wenye kuipendelea Kusini walijifanya abiria katika meli ya Kaskazini iitwayo Chesapeake, wakainyang'anya baharini na kumwua fundi mmoja wa mitambo. Ella and Annie ikatiwa mizinga na mabaharia kwa haraka, ikatumwa kuwafuata. Ikaikuta Chesapeake tarehe 17 Desemba huko Sambro karibu na Halifax, ikaikamata. Lakini Halifax ilikuwa nchi ya Waingereza, nao Waingereza walikasirika kwa kuwa maji yao yaliingiliwa, na ikabidi Chesapeake ipelekwe mbele ya mahakama yao kabla ya kurudishwa kwa wenyewe. Hivyo katika muda wa majuma sita merikebu yetu ilikwisha kukamatwa, na kukamata, na kuziletea serikali mbili ugomvi.

Mwezi wa Februari 1864 ikaingizwa rasmi katika jeshi la manowari la Kaskazini na kupewa jina la tatu, Malvern. Mwezi ule ule, kwa ajabu ya mambo, manowari ya Kusini iliyoogopwa kuliko zote, Alabama, ilikuwa upande wetu wa dunia. Ilitia nanga Anzwani, katika visiwa vya Komoro, ikajipatia vyakula. Bahari ni moja, na ugomvi wa watu wa mbali huweza kufika mlangoni pako asubuhi moja ukiomba ng'ombe na matunda.

Malvern ikafanywa chombo cha kukaa mkuu wa kikosi. Tangu Oktoba 1864 mkuu huyo alikuwa Amiri David Dixon Porter, mtu mwenye ndevu nyingi na maneno mengi. Chombo cha mkuu hakihitaji mizinga mikubwa; chahitaji mbio, ili amri zifike upesi kutoka manowari moja hata nyingine, na Malvern ilikuwa na mbio hizo kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Kazi ya Porter ilikuwa kuivunja Fort Fisher, ngome ile ile ambayo Ella and Annie ilikuwa ikikimbilia chini ya mizinga yake siku ilipokamatwa.

Mara ya kwanza, mwezi wa Desemba 1864, walijaribu kwa werevu: walijaza merikebu kuukuu zaidi ya tani 200 za baruti wakailipua karibu na ngome. Ilitoa mshindo mkubwa na moto mwingi, na ngome ikabaki vile vile. Askari walioshushwa pwani wakarudishwa melini. Mara ya pili hawakutumia hila. Tangu tarehe 13 Januari 1865 manowari 60 hivi ziliipiga ngome mchana na usiku, na tarehe 15 majeshi ya Jemadari Alfred Terry yakaishambulia kutoka nchi kavu. Askari weusi chini ya Jemadari Charles Paine walishika mstari wa nyuma, ili jeshi la Kusini lisije kutoka Wilmington kuiokoa ngome. Mabaharia nao, watu 2,000 hivi pamoja na askari wa manowari, walipita pwani wazi wakiwa na bastola na panga fupi. Hilo lilikuwa shauri baya la Porter, na watu wake ndio waliolilipia: zaidi ya 300 waliuawa au kujeruhiwa mchangani. Kati ya waliokufa alikuwako Luteni Benjamin Porter, aliyekuwa akiiongoza Malvern yenyewe, kijana wa miaka 20 tu, ambaye alifanana na mkuu wake kwa jina tu. Lakini wakati walinzi wa ngome wakiwatazama mabaharia, askari wa Terry waliingia kwa upande mwingine, wakapigana chumba kwa chumba mpaka usiku, ngome ikaanguka.

Yaliyofuata yatachekesha kidogo, ingawa kwa wengine yalikuwa msiba. Amiri Porter aliamuru taa za kuwaongoza wapenyezi ziendelee kuwashwa kila usiku kama desturi, kwa kuwa walioko baharini hawajajua ya kuwa ngome imebadili mabwana. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Januari, wapenyezi wawili, Stag na Charlotte, wakaziona taa, wakafurahi, wakaingia mtoni taratibu na kutia nanga karibu na merikebu waliyoidhania kuwa mwenzao. Nayo kwa umbo ilikuwa mwenzao kweli. Husimuliwa ya kuwa abiria wa Charlotte walikuwa wameketi mezani wakiinua bilauri za mvinyo kwa kufika salama, maafisa wa Kaskazini walipoingia chumbani na kuwaambia ya kuwa wamekwisha kutekwa. Malvern ndiyo iliyowakamata wote wawili.

Mji wa Wilmington ukaanguka tarehe 22 Februari. Sasa jeshi la Jemadari Robert E. Lee, lililoulinda mji mkuu wa Richmond, lilikosa mlango wa mwisho wa kupitishia nyama na nguo. Tarehe 2 Aprili likaacha mahandaki yake, na kesho yake majeshi ya Kaskazini, na katika hayo vikosi vya watu weusi, yakaingia Richmond huku sehemu ya mji ikiwaka moto.

Siku hizo Lincoln mwenyewe alikuwa karibu, katika mto James mahali paitwapo City Point, na usiku alilala katika Malvern. Porter, katika kumbukumbu zake za miaka 20 baadaye, alieleza ya kuwa kitanda cha wageni kilikuwa na urefu wa futi 6, naye Rais alikuwa na futi 6 na inchi 4. Lincoln hakunung'unika. Kutwa alipokwenda kutazama majeshi, maseremala wakabomoa ukuta wa chumba wakakirefusha kitanda, na asubuhi yake akatoka akisema kwa mzaha ya kuwa usiku ule yeye amepungua urefu. Hakuomba kitanda kikubwa, na watu wake hawakungoja aombe.

Tarehe 4 Aprili Malvern ikaanza kupanda mto kumpeleka Richmond. Mto ulikuwa umejaa magogo na mabomu ya maji yaliyotegwa na Kusini, na penye kizuizi kikubwa merikebu haikuweza kupita. Basi Lincoln akashuka pamoja na mwanawe Tad, aliyetimiza miaka 12 siku hiyo hiyo, wakaingia katika mashua iliyopigwa makasia na mabaharia 12. Rais wa Marekani akaufikia mji wa adui zake kama mvuvi arudivyo nyumbani, bila ngoma wala mizinga ya salamu.

Pale pwani walikuwapo watu weusi waliokuwa wakifanya kazi. Hata juzi walikuwa watumwa. Mmoja mzee akamtambua, na mara wakamkusanyikia, wengine wakilia, wengine wakitaka kushika nguo yake. Na wengine wakapiga magoti. Porter asimulia ya kuwa Lincoln aliona haya, akawaambia wasimpigie yeye magoti bali wampigie Mungu peke yake. Huenda Porter aliyapamba maneno kidogo, maana alipenda hadithi nzuri. Lakini hakuwa peke yake kuyaona makutano yale. Alikuwako Richmond siku zile Thomas Morris Chester, mtu mweusi, mwandishi wa gazeti moja la Philadelphia, naye aliketi katika kiti cha mkuu wa baraza la Kusini, ndani ya nyumba ambamo sheria za kulinda utumwa zilikuwa zikipitishwa, akaandika habari zake kwa utulivu.

Lincoln alitembea kwa miguu kiasi cha maili 2 mpaka nyumba iliyokuwa ya Rais wa Kusini, Jefferson Davis. Jioni akarudi mtoni akalala katika Malvern, iliyokwisha kusogea mpaka mjini. Na asubuhi ya tarehe 5 Aprili akaja mtu mmoja kumtembelea humo merikebuni, John Campbell, aliyewahi kuwa jaji wa mahakama kuu ya nchi kabla hajajiunga na Kusini na kuwa mkubwa katika wizara yake ya vita. Alitaka kujua masharti ya amani. Lincoln alikuwa ameyaandika. Yalikuwa matatu: mamlaka ya serikali moja irudi katika majimbo yote, Rais hatarudi nyuma hata hatua moja katika jambo la utumwa, na vita havitasimama mpaka majeshi yote yanayoipinga serikali yavunjwe.

Twaomba msomaji akitafakari kile chumba. Kuta zake zilikwisha kukaa na watu waliokwenda kununua bunduki za kuwalinda wenye watumwa. Sakafu yake ilikuwa juu ya ghala ambamo pamba iliyochumwa na watumwa ilikuwa ikipangwa, robota juu ya robota. Na humo ndimo mwenye neno la mwisho alipomwambia mtu wa Kusini, uso kwa uso, ya kuwa mtumwa aliyekwisha kuachwa huru hatarudishwa.

Siku 4 baadaye Lee alisalimisha jeshi lake. Tarehe 14 Aprili Lincoln alipigwa risasi katika nyumba ya michezo huko Washington, akafa asubuhi yake. Mwezi wa Desemba 1865 katiba ya Marekani ilitiwa kifungu cha kuukomesha utumwa katika nchi nzima.

Na merikebu? Serikali ikawa na manowari nyingi kuliko haja yake, ikaziuza. Malvern iliuzwa New York mwezi wa Oktoba 1865, ikarudishiwa jina lake la kwanza, William G. Hewes, na kazi yake ya kwanza ya kuchukua mizigo ya biashara. Ilifanya kazi hiyo miaka karibu 30, muda mrefu mara nyingi kuliko muda wake wa vita, na hakuna aliyeandika hadithi juu ya miaka hiyo. Mwaka wa 1895 ilipotea katika dhoruba karibu na Cuba, kisiwa kile kile ambacho bandari yake ya Havana iliipokea mwaka wa 1862 na pamba yake ya magendo.